Kuni za Jumatatu

Kabla sijafika mbali, mjue kabisa kwamba mimi ndiye niliyekuwa namrudisha getini. Siku hizi watu wakimsifia Uwimana wananigeukia na mimi, eti Mama Anold umetulelea mtoto. Thubutu! Mtoto yule nilimrudisha nyumbani Jumatatu sita, na ya sita nilimrudisha kwa kelele. Nalisema mwenyewe ili lisije likasemwa na mwingine kwa namna yake, maana hapa Nyantakara watu wana midomo.

Jina langu ni Koleta. Anold ni mwanangu wa kwanza, na kwa jina lake ndivyo ninavyoitwa na kila mtu, kuanzia mkuu wa shule hadi watoto wa kidato cha kwanza. Nimezaliwa Bugarama, wilaya ya Ngara, Mhangaza kwa baba na kwa mama. Mama yangu alikuwa mfinyanzi, vyungu vyake vinajulikana mpaka upande wa Burundi. Ndoa ndiyo iliyonileta huku Biharamulo, na mwaka huu natimiza miaka kumi na tisa nikiwa mpishi wa shule ya sekondari ya kata. Wanafunzi mia tatu na themanini. Makande siku tatu, ugali na maharage siku mbili, na sijawahi kuunguza. Muulizeni yeyote.

Sasa hizo kuni. Kila Jumatatu kila mwanafunzi alileta kuni mbili. Asiye nazo haingii darasani mpaka alete. Kazi ya kuzipokea ilikuwa yangu. Nilisimama getini na mwiko wangu wa kusongea ugali, na mwiko wa shule si huu mnaoujua nyumbani; ukiusimamisha unanifika kifuani. Kuni iliyo fupi kuliko mwiko haipiti. Hakuna aliyenituma kupima kwa mwiko. Nilianza mwenyewe, na baada ya mwaka mmoja ikawa sheria ya shule bila mtu kuiandika popote.

Ndipo akaja Uwimana. Kidato cha pili, mrefu, mwembamba, na macho yake hayamkwepi mtu. Wazee wake walitoka Rwanda miaka ile ya vita, wakakaa, wakalima, na yeye amezaliwa hapa hapa. Anaishi na bibi yake, Nyirabahizi, mwendo wa saa nzima kutoka shuleni, maana mama yake anapika kwenye mgahawa wa madereva wa malori pale njiapanda ya Nyakanazi.

"Shikamoo mama," akasema.

"Marahaba. Weka hapo."

Akaweka. Fito mbili nyembamba, zimeoza upande mmoja. Nikasimamisha mwiko kando yake. Hazikufika hata nusu.

"Hizi ni kuni au miswaki?" Nikauliza kwa sauti, na foleni nzima ikacheka. Nilipenda foleni ikicheka, siwafichi.

Yeye hakucheka wala hakulia. "Mama, naomba kuuliza. Sheria ya shule inasema kuni ngapi?"

"Mbili."

"Na mimi nimeleta mbili."

"Ebo! Rudi nyumbani ukalete kuni. Maneno hatupikii."

Akaziokota fito zake, akageuka. Saa nzima kwenda, saa nzima kurudi. Jumatatu asubuhi walikuwa na vipindi viwili vya hesabu, na vyote vikampita. Wiki iliyofuata akaja na fito nyingine, fupi vilevile, nikamrudisha tena. Nikasema moyoni, huyu ni mkaidi, na mkaidi mimi namjua namna ya kumnyoosha.

Aliyekuja kuniletea shida ni Mwalimu Bonaventura. Kijana wa jiografia, mpole, suruali zinampwaya. Ndiye aliyeanzisha Klabu ya Mazingira na ndiye aliyekuwa anasimamia midahalo ya Ijumaa. Akaja jikoni akasimama mlangoni anakohoa moshi.

"Mama Anold, Uwimana anakosa hesabu kila Jumatatu, na mtihani wa taifa wa kidato cha pili ni Novemba."

"Alete kuni."

"Bibi yake amesema mambo yakiendelea hivi, muhula ukiisha anampeleka Nyakanazi kwa mama yake akaoshe vyombo mgahawani. Anasema hawezi kumwamsha mtoto alfajiri ili arudishwe getini."

"Kuosha vyombo si dhambi, mwalimu. Mimi naosha kila siku na sijafa."

Akaondoka. Lakini Ijumaa hiyo, nikiwa nasuuza masufuria, nikasikia makofi darasani mpaka mabati yakatetemeka. Kumbe mada ya mdahalo ilikuwa kuni za Jumatatu zifutwe, na mtoto wa kidato cha pili alikuwa anawagaragaza kaka zake wa kidato cha nne. Mkuu wa shule mwenyewe alikuwa amekaa nyuma anasikiliza. Mwisho akasimama akasema, "Mmesema vizuri sana. Lakini maneno hayaivishi makande. Leteni jiko linalopika kwa nusu ya kuni, lipike wiki nzima, nami nitalipeleka suala hili kwenye kikao cha wazazi na bodi." Akaongeza kwamba Septemba kuna mashindano ya shule sita, tatu za Biharamulo na tatu za Ngara, na kila shule itapeleka mradi wa mazingira na timu ya mdahalo. Kama jiko likifaa, ndilo litakalokwenda.

Basi jikoni kwangu kukavamiwa. Watoto kumi na wawili wa klabu, Uwimana mbele, wamebeba udongo wa kichuguu kwa ndoo na karatasi yenye mchoro wa jiko banifu. Wakayaondoa mafiga yangu, yale mawe niliyoyapanga kwa mikono yangu miaka kumi na tisa iliyopita! Nilinuna, nikanuna haswa. Nikakaa kwenye kigoda mlangoni nachambua maharage huku nawakata jicho.

Na hapa ndipo penye aibu yangu. Niliwaona wakiukanda ule udongo kwa maji na nyasi, wakalijenga jiko siku hiyohiyo, zuri, laini, lina mdomo mmoja wa kuni na matundu mawili ya masufuria. Mimi ni binti wa mfinyanzi. Udongo mtupu wa kichuguu namna ile, bila kuchanganya na unga wa vigae, ukiwasha moto mkubwa juu yake unapasuka. Nilijua tangu ndoo ya kwanza. Nilijua pia kwamba jiko lile lilihitaji wiki tatu kukauka kivulini, nao walikuwa wamepanga kuwasha baada ya siku nne. Nikanyamaza. Nikaendelea kuchambua maharage yangu.

Siku ya nne wakawasha. Makande ya watoto mia tatu na themanini yakiwa jikoni, kuni zimeshika sawasawa, ukasikika mlio, paa! Ufa ukapita kutoka mdomoni hadi juu, upande mmoja ukaporomoka, sufuria likainama na maji ya moto yakauzima moto. Hakuna aliyeungua, nashukuru Mungu. Lakini watoto walikula saa kumi jioni, na mimi nilicheka. Nilicheka mbele yao wote.

"Mwende mkapike kwa karatasi yenu," nikawaambia.

Wenzake wakaondoka vichwa chini. Uwimana akabaki. Akachuchumaa akaanza kuokota vipande vya udongo, kimoja kimoja, anavigeuza kuangalia ndani palipokatika. Kisha akaniuliza kwa adabu tu, bila hasira, "Mama, kwa nini umepasuka huku na siyo huku?"

Lo! Mama yangu alikuwa akifanya hivyohivyo chungu kikimpasukia. Hakukitupa mpaka ajue kwa nini. Nikamwambia aende nyumbani, jioni imeingia, nikabaki nimekaa na vile vipande mapajani.

Jumamosi nikafunga kanga yangu nikaenda kwao. Sikujua nakwenda kusema nini. Nilipofika nikabisha hodi, na aliyetoka kwanza mlangoni alikuwa mbuzi. Mbuzi mzima, katokea sebuleni, akanitazama kama mwenye nyumba. Nyuma yake akatoka bibi.

Bibi Nyirabahizi Kiswahili chake ni kidogo, lakini Kinyarwanda chake na Kihangaza changu vinasikilizana. Tukasalimiana, akanipa kigoda nje. Nikamuuliza kwa utani, "Mama, siku hizi mbuzi wana vyumba?"

"Banda lake limekwisha," akasema.

"Limeliwa na mchwa?"

Akacheka kicheko kisicho na furaha. "Limeliwa na shule."

Nikageuza shingo. Nyuma ya migomba palikuwa na banda, au tuseme palikuwa na nguzo nne na kamba. Fito zote za upande mmoja zilikuwa zimeng'olewa, na za upande wa pili zilikuwa zimebaki chache, fupi, nyembamba, zimeoza chini palipogusa ardhi. Nilizitambua. Nilikuwa nimezipima kwa mwiko wangu wiki sita; ndefu zilikuwa zimetangulia jikoni kwangu, nami sikujua. Bibi akanieleza bila kunilaumu, maana hakujua mimi ni nani: msitu ni wa hifadhi, ukiingia unakamatwa, jirani mwenye mikaratusi anailinda, shamba lao ni mihogo na migomba tu. Mtoto akaona afadhali banda la mbuzi kuliko kukosa shule.

Nikasema, "Mama, mimi ndiye mpishi."

Akanitazama sana. Kisha akainuka akaingia ndani, nikadhani anakwenda kuleta fimbo. Akatoka na kikombe cha uji. Roho iliniuma mpaka leo naisikia.

Jumatatu iliyofuata nilimkuta Uwimana kwenye foleni na fito zake. Sikupima. Nikamwambia, "Ingia darasani. Saa ya mapumziko uje jikoni na wenzako wote, na kila mmoja aniletee vigae. Vyungu vilivyovunjika, matofali mabovu ya kuchoma, chochote kilichokwisha kupita motoni."

"Vya nini mama?"

"Utauliza ukishaleta."

Basi tukaanza upya, na safari hii mkandaji mkuu nilikuwa mimi. Niliwafundisha kuponda vigae kwa kinu mpaka viwe unga, kuchekecha, kuchanganya na udongo wa kichuguu, samadi ya ng'ombe na majivu kidogo. Niliwafundisha kukanda kwa visigino, kutoa mawe, kupiga udongo mpaka usitoe sauti ya hewa. Mwalimu Bonaventura alivua viatu akakanda na sisi. Nikaungama mbele yao kwamba lile la kwanza nililiona litapasuka nikanyamaza. Uwimana akasema, "Sasa ningejuaje kwamba wewe ni fundi, mama, na kila siku unatuambia maneno hatupikii?" Wakaangua kicheko, na mimi nikacheka, kwa sababu alinipata vizuri.

Wiki tatu jiko lilikaa kivulini limefunikwa majani ya migomba. Kila siku mwalimu ananiuliza, mama bado? Bado. Mashindano yanakaribia, mama. Yakaribie. Nilipika nje kwenye mafiga nikiwa nimelilinda jiko lile kuliko ninavyolinda kuku wangu. Siku ya kuwasha niliweka magunzi ya mahindi tu, moto mdogo, siku mbili. Siku ya tatu nikatia kuni. Uwimana alisimama amejikumbatia.

Halikupasuka. Likavuta moto kama limezaliwa nao, moshi ukapanda juu kwenye bomba, na kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe nikapika makande bila kufuta machozi. Tulipika wiki nzima, na kila jioni Uwimana na wenzake waliandika kuni zilizotumika. Zamani nilimaliza kuni mia saba na sitini kwa wiki. Wiki ile nilitumia mia tatu na kumi. Na klabu ikagundua kwamba matawi tunayopogoa kila mwaka kwenye miti ya migrevilea ya mpakani mwa shule, pamoja na magunzi na mabua ya shamba la shule, yanatosha kiasi hicho. Gesi tumeahidiwa, na gesi ikija tutaipokea kwa vigelegele. Lakini makande hayangoji ahadi.

Mashindano yakafanyika wapi? Bugarama, nyumbani kwetu! Mwalimu akasema kila timu iende na mpishi wake, na mpishi ni nani? Nikavaa kitenge changu cha Krismasi. Tukapita Nyakanazi, Uwimana akamwona mama yake kwa dakika tano kando ya malori, akampa mkono dirishani. Mama alikuwa na aproni na mikono ina povu. Akamwambia binti yake, "Sema taratibu, usikimbize maneno." Kisha gari likaondoka kuelekea Ngara, na mimi nikawa nawaonyesha watoto milima ya kwetu mpaka wakanichoka.

Asubuhi zilikaguliwa kazi za mikono. Sisi tulikuwa tumejenga jiko dogo la mfano, na Uwimana akaeleza majaji kila hatua. Jaji mmoja akamuuliza, "Teknolojia hii ya kuchanganya vigae mmeitoa kwenye kitabu gani?" Uwimana akanyoosha kidole kuelekea nilipokuwa namenya ndizi. "Kwa Mama Anold. Amerithi kwa mama yake, wa kijiji hikihiki." Nilitamani ardhi inimeze kwa haya, na papo hapo nilitamani Bugarama nzima iwe inasikiliza.

Mchana ndiyo mdahalo. Waandaaji walikuwa wametunga mada kutokana na miradi, na mada yetu ikawa hii: shule za kata ziendelee kuwataka wanafunzi walete kuni. Nikasema, hapa tumeshinda, mtoto wangu atawamaliza. Lakini upande unachaguliwa kwa kura. Mwalimu Bonaventura akachovya mkono kwenye kopo, akafungua kikaratasi, nikauona uso wake unabadilika. Tumepangiwa kuunga mkono. Yaani Uwimana, wa fito na banda la mbuzi, asimame mbele ya shule sita atetee kuni za Jumatatu.

Akanifuata nilipokuwa napakua. "Mama, siwezi. Nitateteaje kitu kilichokuwa kinanirudisha nyumbani? Nitasimama nitakosa maneno."

"Basi usikitetee," nikamwambia. "Nitetee mimi."

"Wewe?"

"Unadhani nilisimama getini miaka yote hiyo kwa sababu napenda kurudisha watoto? Kaa chini."

Nikamweleza jambo ambalo sikuwahi kumweleza hata marehemu mume wangu vizuri. Mwaka wangu wa kwanza pale shuleni kuni ziliisha katikati ya wiki. Watoto walikuwa wanaleta vijiti, na vijiti haviivishi makande. Vinawaka, vinakwisha, maharage yanabaki mawe. Siku mbili watoto hawakula. Siku ya pili msichana mmoja wa kidato cha kwanza, Avelina, alianguka wakati wa kushusha bendera. Alikuwa ametembea kilomita saba asubuhi bila kitu tumboni. Mimi ndiye niliyemnyanyua, na alikuwa mwepesi mno. Jumatatu iliyofuata nikachukua mwiko nikaenda getini. Nikaapa hakuna mtoto atakayeanguka tena kwa sababu sufuria langu halikuchemka.

Uwimana alinisikiliza bila kupepesa. Akauliza swali moja tu: "Avelina alipona?" Nikamwambia alipona, sasa ni muuguzi. Akainuka akapangusa sketi, akaenda.

Sijui ninyi mmesikia mdahalo gani maishani, mimi nimeusikia huo. Akasimama, akaweka mikono nyuma, akaanza taratibu kama alivyoambiwa. "Ndugu mwenyekiti, katibu, mtunza muda, na majaji wetu msiopendelea. Nakuja mbele yenu kuunga mkono mada, na nitaanza na mama mmoja mwenye mwiko. Mama huyu amenirudisha nyumbani mara sita." Ukumbi ukacheka. Akangoja wamalize. "Nilidhani ananichukia. Leo nimemuuliza kwa nini, kitu ambacho sikuwahi kukifanya."

Akawaeleza habari za Avelina. Kisha akawageukia wapinzani. "Wenzangu wamesema kuni zinamaliza misitu, na wamesema kweli. Mimi nawauliza: kesho saa saba mchana, mkishazifuta, nani atasimama getini kuhakikisha mdogo wako anakula? Kama hamna jibu, msimdharau anayesimama." Mtunza muda akagonga kengele, naye akainama akarudi kwenye kiti.

Nililia. Sina haja ya kusingizia vitunguu. Miaka kumi na tisa watu walikuwa wananiita mkali, na aliyenisema vizuri mbele za watu ni mtoto niliyemwumiza.

Akatangazwa msemaji bora wa mashindano, wa kwanza kati ya wasemaji ishirini na wanne. Mradi wetu ukashika nafasi ya pili; wa kwanza walikuwa wenyeji, waliootesha miche ya kahawa kwenye vifuko vya maganda ya migomba badala ya plastiki, na kwa haki walistahili. Tulirudi tunaimba mpaka sauti zikakauka. Nilipiga vigelegele Nyakanazi yote, madereva wa malori wakatupigia honi.

Kumbe ushindi ule ulikuwa na mkia. Wiki mbili baadaye kikao cha wazazi na bodi kikaketi, na mzee Bulugu, mjumbe wa bodi, akasimama akasema, "Mimi nimesikia habari za huko Ngara. Mtoto wetu amewashinda wote kwa kutetea kuni. Kama mwanafunzi mwenyewe amethibitisha kuni zina faida, sisi ni nani tuzifute? Ziendelee." Watu wakatikisa vichwa kukubali. Hata mkuu wa shule akawa anakuna kidevu. Uwimana alikuwa amesimama dirishani na wana klabu wenzake, na kwenye kikao cha wazazi wanafunzi hawana ruhusa ya kusema. Nilimwona ameshika nondo za dirisha kwa mikono miwili. Bibi yake alikuwa amekaa benchi la nyuma, na nilijua anachohesabu: muhula unaisha.

Mimi kwenye vikao huwa napika chai. Siku hiyo niliweka birika chini nikanyoosha mkono.

"Mama Anold, chai bado?" mkuu akauliza.

"Chai ingoje. Naomba kumpinga msemaji bora."

Ukumbi ukageuka. Nikasimama. "Mzee Bulugu, shikamoo. Hoja zile alizosema mtoto kule Ngara ni zangu. Nilimpa mimi, na ni za kweli. Lakini kuna moja sikumpa, kwa sababu niliona aibu. Mtoto huyu alikuwa ananiletea fito, nami nikamwita wa miswaki. Nilikwenda kwao. Zilikuwa za banda la mbuzi. Ametubomolea banda la bibi yake, fito mbili kila wiki, ili asome, na hata hizo nilizikataa. Mbuzi sasa analala sebuleni na bibi. Mwiko wangu niliuleta ili mtoto asianguke kwa njaa, kumbe leo unamwangusha mwingine. Sasa tuna jiko. Nimepika nalo, kuni mia tatu na kumi kwa wiki, na zote zinapatikana ndani ya mpaka wa shule. Mtoto aliuliza kule Ngara nani atahakikisha watoto wanakula. Ni mimi. Bila kuni zao."

Nikakaa. Birika lilikuwa limeshapoa.

Mzee Bulugu ni mtu wa haki, nampa hilo. Akageuka kumtazama Nyirabahizi, akamuuliza kama ni kweli kuhusu mbuzi. Bibi akajibu kwa Kinyarwanda, nami nikatafsiri: "Ni kweli, na anakoroma." Watu walicheka mpaka mkuu akagonga meza. Mikono ikanyooshwa, na mzee Bulugu akanyoosha wa kwanza. Kuni za Jumatatu zikafutwa, na dirishani watoto wakaruka juu wakipiga kelele. Uwimana peke yake hakuruka. Alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye nondo, analia.

Nikaomba jambo moja, wakanikubalia: Jumatatu moja ya mwisho. Nikasimama getini na mwiko wangu, na kila mwanafunzi wa kidato cha pili akaja na fito mbili, za mahali popote palipo halali, na nilipima kwa ukali uleule. Fupi nilizirudisha, msinicheke. Uwimana alipofika hakuwa na kitu mikononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Pita."

Mchana tukabeba fito zote, darasa zima na Mwalimu Bonaventura na suruali yake, saa nzima kwa miguu mpaka kwa bibi, tukajenga banda la mbuzi upya. Mbuzi aligoma kuingia. Ilibidi Uwimana amsukume kwa nyuma huku anamweleza sababu moja baada ya nyingine kwa nini ahame, na alipoishiwa sababu, mbuzi akaingia.